Mafunzo ya kutunza mrija wa mwanangu nyumbani: uzoefu wangu wa miezi 7

Naipa huduma hii nyota 4. Mwanangu wa miaka 6 ana saratani ya damu, na Dar es Salaam aliwekewa mrija wa kifuani unaoishia kwenye mshipa mkubwa karibu na moyo. Tuliporudi nyanda za juu, kliniki ya watoto Mbeya mjini ikasema haturudi Tukuyu mpaka mimi na mtu wa pili tufundishwe. Nikaenda na bibi yake.

Sista alitufundisha siku tatu, tukishika wenyewe. Unanawa kwa sabuni, kisha kifuniko cha mwisho wa mrija unakisugua kwa nguvu sekunde 15 kwa klorheksidini yenye spiriti, unaacha kikauke chenyewe. Siku ya kwanza nilikipuliza ili kiwahi kukauka. Akanirudisha mwanzo: "Mama, hapo umekipulizia wadudu wa mdomoni." Beseni la kuogea nalo likapigwa marufuku, bibi akabaki kumpangusa kwa kitambaa.

Nyota moja imeondoka kwenye plasta ya kufunika pale mrija unapoingilia. Ile ya kuonyesha ngozi hukaa siku 7, lakini ikilowa au kubanduka lazima ibadilishwe hapo hapo, na kwa mvua za Tukuyu kwetu haikufika siku 7. Plasta zenyewe ziliisha kliniki mara nyingi, nikawa nanunua famasi Mwanjelwa.

Mwezi wa nne, saa tano usiku, muda mfupi baada ya kusukuma maji chumvi ndani ya mrija kuusafisha, mtoto alianza kutetemeka mpaka meno yakagongana. Kipimajoto kikasoma 38.6. Ngozi pale mrija unapoingilia ilikuwa safi, hakuna wekundu wala usaha. Bila yale mafunzo ningempa panadol nikangoja kuche. Lakini sista alishatuambia: homa ikifika 38 hakuna kusubiri, na mtoto akitetemeka baada ya mrija kusafishwa, wadudu huenda wako ndani ya mrija wenyewe.

Jirani akatuwahisha kwa gari lake. Mapokezi ya kwanza tuliyofika walitaka tupange foleni. Nikatoa karatasi ya sista: "Ana mrija wa mshipa mkubwa. Homa ni dharura. Damu ioteshwe, antibayotiki ndani ya saa moja." Wakatupitisha. Damu ilichukuliwa kwenye mrija na mkononi ili ioteshwe, yaani waone kama ina wadudu watakaoota, dawa ikaanza bila kusubiri majibu. Damu ya mrijani ndiyo iliyootesha mapema zaidi, wakajua chanzo ni mrija. Alikuwa bakteria wa kawaida wa ngozi, kwa hiyo mrija haukutolewa. Daktari alisema angekuwa fangasi, ungetoka.

Homa iliposhuka tuliruhusiwa, dozi zilizobaki akawa anachomwa kliniki kila asubuhi. Tulihamia kwa shangazi yake Uyole, Mbeya mjini, maana kutoka Tukuyu kila siku na mtoto mgonjwa ndani ya Kosta nisingeweza. Manesi walimpokea bila kutuweka, na kila siku walimpima joto kwanza.

Ile karatasi nimeitoa kopi tatu. Moja anayo mwalimu wake.