Canon 50mm f/1.8 STM: lenzi ya kutangulia kununua ukianza kazi ya picha Moshi

Vijana wanaoanza kazi ya picha hapa Moshi huniuliza wanunue kamera gani. Mimi huwajibu kwa lenzi. Kama una Canon ya DSLR (ile yenye kioo ndani, ya kubadilisha lenzi), hata ya zamani kama 700D ninayotumia, usihangaike na bodi mpya, yaani kamera yenyewe bila lenzi. Tafuta kwanza Canon EF 50mm f/1.8 STM (STM ni aina ya mota ya kufokasi), kadi za biashara utachapisha baadaye. Ilipotoka mwaka 2015 ilipangiwa bei ya dola 125 hivi huko Marekani, na mpaka leo iko kwenye kundi la lenzi za bei nafuu kabisa.

Sababu ni wateja. Siku hizi kila mtu ana simu inayopiga vizuri mchana, na mama wa Kiboriloni hatakulipa kwa kitu ambacho mwanawe anampigia bure. Atalipia kile kinachoishinda simu: uso wa binti yake kwenye sendofu, saa mbili usiku, ukumbi wenyewe una taa za zambarau. Ile 18-55mm inayokuja na kamera, ukiivuta mpaka mwisho, inaishia f/5.6. Namba ya f ni ukubwa wa tundu la lenzi: ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Hii ya 50mm inafunguka hadi f/1.8, yaani inaingiza mwanga karibu mara kumi zaidi. Hapo ndipo unapoponea kupandisha ISO, wepesi wa kamera kunasa mwanga, mpaka picha ijae chenga.

Mimi imenikolea zaidi kwenye ndafu, mbuzi mzima wa kuokwa. Lenzi inafokasi kuanzia sentimita 35, kwa hiyo unamsogelea yule mbuzi mpaka majani aliyotiwa mdomoni yanajaa fremu, mafuta yanametameta shavuni, na mashangazi waliosimama nyuma wanabaki rangi za vitenge tu. Mwenye sherehe akiituma picha kama hiyo kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, kazi nyingine zinakuja zenyewe. Na ukoo wa Kichagga ni mkubwa jamani! Ndiyo maana nasema iwe mkononi kabla ya Desemba, watu wanaporudi nyumbani na sherehe kufuatana.

Lakini hiyo f/1.8 ina adabu zake: sehemu inayotoka kali ni nyembamba sana. Ukimpiga bibi harusi kwa karibu, jicho la mbele linatoka kali na sikio limeshapotea. Akigeuza shingo kidogo, jicho la pili nalo linaondoka. Kwa mtu mmoja natumia f/2.2 au f/2.8, wawili f/4, na familia iliyopangwa mistari miwili f/8 pamoja na flashi.

Kasoro yake kubwa ni kwamba inabana. Kwenye sensa ya APS-C kama ya 700D, ambayo ni ndogo kuliko ya full-frame, 50mm inaona kama 80mm kwenye full-frame, yaani eneo dogo zaidi. Kipaimara kikiwa Kibosho, nje kwenye migomba, unarudi nyuma utakavyo. Sebuleni ndiyo shughuli: mgongo umeshagota ukutani na babu bado yuko nje ya fremu. Kwa hiyo 18-55mm usiiuze, kundi ni kazi yake. Pia 50mm hii haina kizuia mtikisiko, ukishika mkononi usishushe kasi ya shata chini ya 1/100 ya sekunde. Kwa video, mota yake inasikika kwenye maiki ya kamera, hivyo tumia maiki ya pembeni. Vumbi na mvua haijazibiwa. Masika ya huku tembea na mfuko wa plastiki. Kikinga-jua cha ES-68 hakimo ndani ya boksi, lakini kinunue, kwa sababu mdomo wa lenzi hutokeza inapofokasi karibu na kugongwa ukumbini ni dakika moja.

Ukinunua iliyotumika, hakikisha imeandikwa STM. Ile ya zamani, ya II ya mwaka 1990, ina kitako (sehemu inayoshikana na kamera) cha plastiki na taa za nyuma zilizofifia zinatoka na pembe tano; STM ina kitako cha chuma na taa zake zinakaribia kuwa duara. Mulika ndani kwa tochi ya simu uone kama kuna fangasi, nyuzinyuzi kama utando. Ifunge kwenye kamera yako, fokasi kitu cha karibu kisha cha mbali, mara kadhaa, usikilize kama inakwama. Muuzaji akikukatalia kuijaribu, mwachie lenzi yake.