Kinanda au sintesaiza ya kompyuta? Uzoefu wangu Mwanza, studio na kanisani

Nianze na jibu, maana wengi wanaoniuliza wana hela ya kitu kimoja tu, kinanda au sintesaiza ya kompyuta (yaani programu inayotengeneza sauti za ala), na wanataka kujua waipeleke wapi. Kama ndiyo unaanza kutengeneza muziki na tayari una laptopu yoyote inayojikongoja, nunua kinanda kizuri cha vitufe 61 chenye tundu la USB. Sauti nyingine zote utazifuata kwenye kompyuta, na nyingi zilizo bora ni za bure. Usiuze kinanda ili ununue programu. Nimeona vijana kadhaa hapa mjini wakifanya hivyo, na nawasihi mnaofikiria hilo mpumue kwanza.

Mimi natumia kinanda cha Yamaha PSR-E473 pamoja na FL Studio, programu ya kutengenezea na kurekodia muziki kwenye kompyuta. Studio yetu ni chumba kimoja Nyakato. Siku za wiki kinanda kinakaa pale mezani, Jumamosi mara nyingi kiko harusini, Jumapili kiko kanisani. Kwa hiyo maneno haya ni ya mtu anayekula kwa vyote viwili.

Kinanda hiki kinakuja na sauti 820, mitindo 290 ya midundo, na kinaweza kutoa noti 64 kwa wakati mmoja. Namba hizo zinapendeza kwenye boksi, ila mpigaji wa kawaida atazunguka kwenye sauti chache tu: piano, piano ya umeme, ogani, nyuzi, tarumbeta, gitaa, besi. Ninachokipendea ni jinsi kinavyokubali kazi. Mwalimu wa kwaya akigeuka katikati ya mazoezi akasema, "Kaka, shusha nusu, sauti ya kwanza wanaumia," nashusha hapo hapo kwenye kinanda na wimbo unaendelea. Hakuna dirisha la kufungua wala kipanya cha kutafuta.

Halafu kuna umeme. Kwenye harusi moja ya Kirumba jenereta ilizima wakati maharusi wanaingia. Iliporudi, kinanda kiliwaka ndani ya sekunde chache na nikaendelea na wimbo kabla bibi harusi hajafika katikati ya ukumbi. Laptopu ya mwenzangu ilikuwa haijazimika kwa sababu ina betri, lakini kadi yake ya sauti, yaani kifaa kinachotoa sauti kwenye kompyuta kwenda kwenye spika, ilikatika, programu ikapoteza njia ya kutolea sauti, ikabidi aifunge na kuifungua upya huku MC akijaza nafasi kwa maneno. Hakuna aliyekosea. Kompyuta ni mnyororo wa vitu vingi, na kimoja kikiachia, vyote vinasimama. Kwa kazi ya mbele za watu sitaki mnyororo mrefu.

Mipaka ya kinanda nayo niiseme wazi. Vitufe vya E473 ni vyepesi. Vinasikia nguvu ya kidole, lakini havina uzito wa piano, na ukiendelea kukandamiza noti iliyokwisha kulia hakuna kinachobadilika. Unaweza kuchuja na kugeuza sauti kidogo kwa vile vitufe vya kuzungusha, ila huwezi kuijenga sauti mpya kuanzia sifuri. Ulichonunua ndicho ulicho nacho. Mwaka mmoja wa biti za kila wiki ukipita, wasanii wataanza kuzitambua sauti zako.

Hapo ndipo kompyuta inapoingia kwa kishindo. Chukua ile piano ya umeme yenye mlio kama kengele, inayopendwa sana kwenye nyimbo za taratibu za kwaya. Chimbuko lake ni Yamaha DX7 ya mwaka 1983, iliyotumia mbinu ya kuzalisha sauti aliyoigundua John Chowning akiwa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Kwenye vinanda vingi vya siku hizi unapata picha yake tu, yaani sauti iliyorekodiwa na kupangwa kwenye vitufe. Kwenye kompyuta kuna Dexed, programu ya bure inayotengeneza sauti kwa hesabu zile zile za DX7, zikiwemo namna 32 za kuunganisha vizalishaji vyake sita vya mawimbi. Inasoma hata mafaili ya sauti yaliyotengenezwa kwa ajili ya DX7 yenyewe. Ukipiga kwa upole inalia laini, ukipiga kwa nguvu inatoa makali, na mabadiliko hayo yanatokea ndani ya sauti yenyewe, si kupanda na kushuka tu kwa ukubwa wake.

Kwa biti za bongo fleva za sasa natumia Vital, sintesaiza nyingine ya kompyuta iliyotoka mwaka 2020. Toleo lake la bure lina mtambo ule ule wa toleo la kulipia, tofauti kubwa ni wingi wa sauti zilizoandaliwa. Inaonyesha mawimbi yakicheza kwenye skrini, na kwa anayejifunza ni shule kamili. Tahadhari: inakula nguvu ya kompyuta. Kwenye laptopu ya zamani fungua moja au mbili, ukimaliza sehemu hiyo igeuze iwe sauti iliyorekodiwa, ndipo uendelee.

Lakini kilichonifanya niheshimu sintesaiza za kompyuta kwa moyo wote ni enanga, chombo cha asili cha nyuzi. Mzee mmoja alivuka kutoka Ukerewe na mjukuu wake anayeimba. Kijana alitaka wimbo wa kisasa, babu yake apige enanga ndani yake. Nilipoweka chodi za kinanda chini ya zile nyuzi, zikawa kama watu wawili wanaobishana. Mzee akasikiliza, akasema, "Mwanangu, chombo chako kinapita pembeni." Alikuwa sahihi. Nyuzi za enanga yake zilikazwa kwa sikio la kwao, hazikufuata hatua kumi na mbili sawa za piano. Kumwambia mzee azikaze upya nyuzi ili zimfuate Yamaha isingekuwa adabu, na wimbo ungekufa.

Nikapima mlio wa uzi mmoja mmoja, nikaandika vipimo kwenye faili la Scala, ambalo ni maandishi ya kawaida yanayotaja kila noti imekaa wapi. Kisha nikalifungua ndani ya Surge XT. Hii nayo ni sintesaiza ya kompyuta, ya bure kabisa. Zamani iliuzwa, mwaka 2018 mwenyewe akaufungua msimbo wake kwa umma, na wengine wakaiendeleza. Nikachagua sauti laini ya nyuma, nikapiga, na kwa mara ya kwanza chodi na enanga zikakaa pamoja. Mzee akatikisa kichwa, akaomba turudie. Nikifikiria ngoma na nyuzi zilizojaa kuzunguka ziwa hili, naona kazi kubwa ambayo sisi maprodyuza wa Mwanza bado hatujaigusa.

Na angalieni: nilipiga sauti ile kwa vitufe vya E473. Waya wa USB ulibeba taarifa za MIDI tu, yaani noti ipi imebonyezwa, kwa nguvu kiasi gani hadi 127, na imeachiwa lini. Lugha hiyo ya vyombo ilianza mwaka 1983, Ikutaro Kakehashi wa Roland na Dave Smith wa Sequential Circuits wakiwa mstari wa mbele kuyafanya makampuni yakubaliane, na kinanda cha zamani hizo bado kinaongea na kompyuta ya leo kwa waya wa bei nafuu.

Tatizo linalowakatisha tamaa wengi ni kuchelewa kwa sauti. Unabonyeza, inalia baadaye, mkono unapotea. Mara nyingi dawa iko kwenye mipangilio. Sauti ya kawaida ina sampuli, yaani vipimo vidogo vya sauti, 44,100 kwa sekunde. Bafa, yaani akiba ya sampuli ambayo kompyuta inaijaza kwanza, ikiwa 1,024, kompyuta inasubiri karibu milisekunde 23 kabla ya kutoa chochote. Ukiishusha hadi 128 inakuwa karibu 3. Tumia dereva ya ASIO (programu ndogo inayounganisha kompyuta na kadi ya sauti kwa haraka), shusha bafa wakati wa kupiga, ipandishe wakati wa kuchanganya. E473 ina faida hapa: yenyewe ni kadi ya sauti kupitia ule ule waya wa USB, kwa hiyo anayeanza hahitaji kununua nyingine. Kwenye Windows weka kwanza dereva ya Yamaha Steinberg.

Kuhusu programu za wizi za kupeana kwenye flashi, mimi niliachana nazo. Zinakuja na virusi, na mradi wa msanii unaweza kugoma kufunguka siku anayotaka kazi yake. FL Studio ya majaribio inakuruhusu kujifunza karibu kila kitu na kuhifadhi, ila huwezi kuufungua tena mradi uliohifadhi mpaka ulipie. Ukishalipia, matoleo mapya yote ni bure.

Ukinunua kinanda kilichokwisha kutumika, nenda na laptopu yako na waya. Bonyeza kila kitufe polepole, kisha kwa nguvu, kuanzia chini mpaka juu. Noti inayoruka kwa kelele ukiigusa kidogo, au isiyolia kabisa, kwa kawaida ina vumbi kwenye vile vimpira vya mguso chini ya kitufe. Vumbi letu na wadudu wa ziwani wanaofuata taa wanaingia humo kirahisi. Fundi mzuri anavisafisha kwa spiriti, kwa hiyo usikatae kinanda kwa sababu hiyo, shusha bei. Kama tundu la USB linalegea na MIDI inakatika waya ukiguswa, kiache. Na kikifika nyumbani, kifunike kitambaa kila jioni kabla hujawasha taa.