Mfumo wa Pili wa Kamera: Upi Ununue Kwanza Ukiwa Mpiga Picha Nairobi

Kabla ya kuingia dukani Moi Avenue kutafuta kamera nyingine, taja kazi moja ambayo kamera uliyo nayo haiiwezi. Iwe kazi ya kweli: video ya ibada inayopita nusu saa, picha za mtaani ambako kamera kubwa inavuta macho ya kila mtu, ndege aliye mbali katika Mbuga ya Nairobi. Ukiweza kuitaja, endelea kusoma. Ukikosa la kutaja, pesa hizo zipeleke kwenye lenzi au flashi ya mfumo ulio nao, na wateja wataiona tofauti mapema zaidi.

Nimepanga chaguo tano, kuanzia lile ninaloona linawafaa wengi. Nimechukulia kwamba una DSLR (kamera yenye kioo ndani kinachoakisi mwanga kwenda jichoni) ya Canon au Nikon, maana ndizo utakazoziona mabegani mwa wapiga picha wengi wa harusi na hafla hapa jijini. Bei sikuziandika kwa sababu zinapanda na kushuka na dola, na duka moja halikubaliani na la jirani yake. Nilichopima ni gharama ya mfumo mzima: bodi (kamera yenyewe bila lenzi), lenzi, betri, chaja, kadi na adapta. Mali bila daftari huisha bila habari, na hapa wengi huandika daftarini bei ya bodi peke yake.

Akiba ni jambo jingine

Bodi ya akiba ni ya ile siku ambayo kamera inazima bibi harusi akiwa anaingia kanisani. Harusi hairudiwi. Kwa hiyo akiba lazima ichukue lenzi zilezile, betri zilezile na kadi zilezile za kamera iliyozima, uichomoe mkobani na kuendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Kama una Canon 5D Mark IV, akiba bora ni 5D nyingine, hata Mark III ya zamani. Mtu anayenunua Sony yenye lenzi moja akasema ni akiba ya Canon yake atajikuta na lenzi nne asizoweza kuzitumia siku anayozihitaji.

Mfumo wa pili unanunuliwa kwa sababu kazi zenyewe ni mbili. Mohamed Amin, mwanahabari wa picha aliyeendesha Camerapix hapa Nairobi hadi kifo chake mwaka 1996, alizoea kubeba kamera ya sinema pamoja na ya picha mnato, kwa kuwa runinga na magazeti yalitaka vitu tofauti kutoka tukio lilelile. Sababu hiyo ingali na nguvu leo. Mteja wa ruracio, sherehe ya mahari, anataka albamu na anataka video, na kila kimoja kina vifaa vyake.

Chaguo la kwanza: bodi isiyo na kioo (mirrorless) ya kampuni yako, pamoja na adapta

Hili ndilo ninalompa mtu yeyote anayeishi kwa kupiga picha za hafla. Canon walileta mlango wa lenzi (mahali lenzi inapofungwa) wa RF mwaka 2018, na mwaka huohuo Nikon wakaleta Z. Lenzi za EF, zile za DSLR za Canon, zilikaa milimita 44 mbele ya filamu au sensa. Za RF hukaa milimita 20. Nafasi ya milimita 24 inayobaki ndiyo inayojazwa na adapta. Ni bomba tupu lenye nyaya za mawasiliano, halina lenzi ndani yake ya kupunguza mwanga wala ubora, na lenzi yako ya 70-200 inafanya kazi kama kawaida, fokasi ikiwemo. Mara nyingi fokasi hata inaimarika, kwa sababu kamera hizi hutafuta jicho la mtu na kulifuata.

Unachopata ni mfumo mpya kwa bei ya bodi na adapta, na lenzi za zamani zinakuwa daraja. Unapata kupiga kimya wakati wa viapo. Unapata video inayofuata uso. Na unaona mwanga kwenye kitafutio kabla ya kubonyeza, jambo lenye thamani kubwa chini ya mahema yenye taa za rangi.

Chagua bodi kwa kuangalia betri na kadi. Kwa Canon, R6 Mark II inatumia betri za familia ya LP-E6, zilezile ulizonazo kwenye 5D za Mark II hadi IV au 6D, na ina nafasi mbili za kadi za SD. R8 ni nyepesi, gramu 461 ikiwa na betri na kadi, na picha zake ni nzuri sana, lakini ina nafasi moja ya kadi na betri ndogo ya LP-E17. Kwa harusi ningetafuta pesa zaidi niichukue R6 Mark II. Zote mbili zimeondoa ule ukomo wa dakika 29 na sekunde 59 za video uliozisumbua kamera nyingi za zamani. R6 ya kwanza bado inao.

Mwenye Nikon awe mwangalifu zaidi. Adapta yao ya FTZ inafanya fokasi kwa lenzi za AF-S, zenye mota ndani yake, lakini haina mota ya kuzungusha lenzi za AF-D, ambazo hutegemea mota ya kamera. Ile 50mm f/1.8D ambayo watu wengi walianza nayo itabaki ya kufokasi kwa mkono. Kagua herufi kwenye kila lenzi yako kabla ya kulipa.

Kimya nacho kina gharama yake. Shata ya kielektroniki chini ya taa za LED inaweza kukuletea mistari ya giza na mwanga kwenye picha. Umeme wetu ni wa 50Hz, kwa hiyo jaribu 1/50 au 1/100 kwanza, na video uipige kwa fremu 25 kwa sekunde. Kamera iliyotoka Marekani mara nyingi huja imewekwa kwa fremu 30. Ibadilishe kwenye menyu siku unayoifungua.

Chaguo la pili: kamera ndogo yenye lenzi isiyotoka

Huu ni mfumo usio na uwekezaji wa pili. Hakuna lenzi ya kununua baadaye, na kwa mfuko wa mpiga picha hilo ni jambo jema.

Ricoh GR III ina uzito wa gramu 257 ikiwa na betri na kadi, sensa ya ukubwa wa APS-C ya megapikseli 24, na lenzi inayoona sawa na 28mm ya fremu kamili (sensa yenye ukubwa wa filamu ya 35mm). Ndugu yake GR IIIx inaona sawa na 40mm. Inaingia mfuko wa suruali. Fujifilm X100VI ni kubwa zaidi, ina kitafutio cha kuchungulia na lenzi ya 23mm f/2 inayoona kama 35mm. Shata za kamera hizi zimo ndani ya lenzi, kwa hiyo mlio wake ni mdogo mno, na flashi inakubali kasi kubwa hata saa saba ya jua kali.

Anayepiga maisha ya mji anajua kinachotokea ukitoa DSLR yenye 24-70 kwenye kituo cha matatu. Mtu wa kwanza anauliza unatoka gazeti gani, wa pili anadai alipwe, wa tatu anautazama mkoba wako kwa nia nyingine. Kamera ndogo haiondoi wajibu wa kuomba ruhusa, na wala haifungui majengo ambako askari wa mlangoni amekataza picha. Inachofanya ni kumwacha mtu aendelee kuwa yeye mwenyewe baada ya kukubali kupigwa. Fundi wa viatu akishakubali, baada ya dakika mbili anasahau kuwa una kamera, na hapo ndipo picha inapoanza.

Kati ya hizo mbili ningechukua GR kama unatembea sana, na Fuji kama unataka pia kuipeleka harusini kwa picha za watu wakicheka mezani. Betri ya GR inaisha haraka, hivyo nunua tatu pamoja na kamera.

Chaguo la tatu: Micro Four Thirds kwa mbuga

Nairobi ina bahati ambayo miji mingi haina. Mbuga yake ilianzishwa mwaka 1946, ina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 117, na kutoka katikati ya mji hadi lango la Lang'ata ni mwendo mfupi msongamano ukiwa umelala. Vifaru wapo, simba wapo, ndege ndio usiseme. Tatizo ni umbali, na huruhusiwi kushuka garini ovyo ili kumsogelea mnyama.

Micro Four Thirds ni mfumo wa kamera zenye sensa ndogo, ya milimita 17.3 kwa 13. Lenzi ya 300mm inaona kama 600mm ya fremu kamili. Panasonic 100-400mm ina uzito usiofika kilo moja na inaona kama 200-800mm. Linganisha na Nikon 200-500mm f/5.6, ambayo peke yake ni kama kilo mbili na gramu 300. Ndani ya gari dogo, ukigeuka kutoka dirisha moja hadi jingine, tofauti hiyo unaihisi mabegani.

Upungufu wake unaonekana jioni. Sensa hiyo ni takriban robo ya eneo la fremu kamili, na simba huamka wakati mwanga unaondoka. Utapata chembechembe nyingi zaidi kwenye picha. Ndiyo sababu nimeiweka ya tatu: mchana ni bora kwa bei yake, magharibi inakuangusha. Vumbi la kiangazi nalo linakataza kubadilisha lenzi ndani ya gari, kwa hiyo hii ibaki na lenzi ndefu muda wote, na kamera yako kubwa iwe na lenzi pana kwa mandhari ya mji nyuma ya twiga. Panasonic GH5 iliyotumika inakupa pia video isiyo na ukomo wa muda, ingawa kwa wanyama fokasi ya OM-1 ya OM System, kamera nyingine ya mfumo huu, inaipita mbali.

Chaguo la nne: mfumo kamili wa Sony kwa video

Wengine wangeliweka la kwanza, na kwa mtu ambaye zaidi ya nusu ya kipato chake ni video sina ubishi nao. Mlango wa E wa Sony umekuwepo tangu 2010, na Sigma na Tamron wanautengenezea lenzi nyingi kuliko milango mingi mingine, kwa hiyo hata za bei ya kadiri zipo. A7 IV haina ukomo wa nusu saa. A7 III inao, na muuzaji huenda asikumbuke kukuambia.

Ninaliweka la nne kwa sababu unaanza upya kila kitu. Adapta ya Sigma MC-11 inakubali lenzi za EF za Canon, na kwa picha mnato inasaidia, lakini fokasi ya video haifikii ile ya lenzi zilizozaliwa na mlango huo. Flashi ndiyo yenye nafuu: ukiwa na flashi za Godox za mfumo wa X, nunua kitumaji cha Sony tu, flashi zako za zamani zitaitikia zikiwa kwenye stendi.

Kuna suala la rangi pia, na hili linanigusa sana kwa sababu ni ngozi za watu wetu. Canon na Sony hazisomi weusi wa ngozi kwa namna moja. Ukizichanganya katika albamu moja bila maandalizi, bibi harusi atakuwa na wekundu ukurasa huu na umanjano ukurasa unaofuata, na mama yake ataliona kabla yako. Kila mwanga unapobadilika, piga kadi ya kijivu kwa kamera zote mbili, uweke mizani ya weupe kwa mkono, na uhariri ukianzia hapo.

Chaguo la tano: fomati ya kati na filamu

Fujifilm GFX ina sensa ya milimita 44 kwa 33, na kwa bango kubwa la barabarani au kitabu cha sanaa ina utajiri mkubwa wa kina. Ikodi siku kazi inapokuja, gharama uiweke kwenye ankara. Filamu ya 120 inakupa picha 12 tu kwa mraba wa 6x6. Kama inakupa raha, inunue kwa raha, na usiitarajie ilipe kodi ya nyumba.

Droni nimeiacha nje ya orodha. Inahitaji kibali cha KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, na mjadala wake wenyewe.

Siku ya kununua

Anza kwa kukodi. Chukua mfumo unaoutaka kwa wikendi moja ya kazi halisi, si ya majaribio nyumbani. Canon na Nikon hufunga lenzi kwa kuzungusha pande tofauti, na vidole vilivyozoea miaka mingi vinachelewa kujifunza.

Kwa kamera iliyotumika, kutana na muuzaji dukani au mahali penye watu, wala usitume M-Pesa kabla ya kuishika. Piga ukuta mweupe kwa f/16 uone madoa ya sensa. Mulika lenzi kwa tochi ya simu utafute ukungu, hasa ikiwa imekaa Pwani. Dai risiti yenye namba ya bodi, na uilinganishe na namba iliyo kwenye kamera. Ikiwa ni Sony iliyotoka Japani, fungua menyu ya lugha mbele ya muuzaji, kwa sababu zilizouzwa kwa soko la huko nyingi zina Kijapani peke yake.

Hakikisha pia programu yako ya kuhariri inafungua faili ghafi za bodi hiyo. Lightroom ya zamani haizitambui kamera zilizotoka baada yake. Kisha weka saa za kamera zote mbili sawa hadi sekunde, ili picha elfu mbili za harusi zijipange kwa mfuatano wake.