Star Trek ya mwaka 1966 katika likizo ya Juni: uzoefu wangu

Likizo ya Juni huku Mbeya huangukia kwenye baridi kali, na baada ya saa moja usiku watu hawatoki ndani. Kwa hiyo nilipoona pale Mwanjelwa, katikati ya mitumba, boksi la DVD za msimu wa kwanza wa Star Trek, tamthilia ya televisheni kuhusu wasafiri wa anga za mbali, nililinunua kwa shilingi 15,000 bila kuijua vizuri. Ilirushwa Marekani kuanzia Septemba 1966 hadi Juni 1969, ilhali Tanzania Bara ilipata vituo vyake vya televisheni mwaka 1994, hivyo hata wazee wetu hawakuwahi kuikuta.

Deki yetu ya Kichina ilizisoma diski zote isipokuwa moja iliyokwaruzika, ambayo ilikuwa ikigandaganda. Picha ni ya rangi, tena safi. Maandishi ya chini ni ya Kiingereza peke yake, na kwa kuwa nyumbani wamezoea muvi zilizotafsiriwa na madj, ilinibidi nishike mimi kazi hiyo, huku nikilaumiwa kwamba sina vichekesho.

Atakayeitazama kwa macho ya leo atacheka. Milango ya Enterprise, chombo cha anga wanachosafiria wahusika, inayoonekana kujifungua yenyewe, ilikuwa ikivutwa na watu waliojificha nyuma ya ukuta, na baadhi ya vifaa vya daktari McCoy ni vichupa vya chumvi vya mezani. Hata ile mashine ya kumyeyusha mtu hapa na kumtokeza kwenye sayari ilibuniwa kwa sababu kuonyesha chombo kikitua kila wiki kungegharimu fedha nyingi. Kwangu mimi ufukara huo umeifaa tamthilia, kwani mwandishi asiye na uwezo wa kulipua kitu hulazimika kuwapa wahusika neno la maana la kusema.

Hilo linaonekana vizuri katika sehemu iitwayo The Devil in the Dark, ya Machi 1967. Katika sayari moja, wachimba madini wanauawa mmoja baada ya mwingine na kiumbe anayepenya ndani ya mwamba kwa kuuyeyusha kwa tindikali yake, nao wanataka auawe. Nahodha Kirk wa Enterprise na msaidizi wake Spock, mwenye uwezo wa kuingia katika fikra za wengine, wanapomfikia wanamkuta amejeruhiwa, na baada ya Spock kugusa fikra zake, kiumbe huyo anaunguza juu ya jiwe maneno machache ambayo huwezi kujua kama yanaomba asiuawe au yanaahidi kwamba yeye hataua. Kisha inabainika kwamba yale mabonge ya duara yaliyokuwa yakivunjwa mgodini ni mayai yake. Mjomba wangu, aliyechimba dhahabu Chunya ujana wake wote, alikuwa akiota moto wa jiko bila kujali televisheni, lakini hapo aligeuka. "Mpwa wangu, hebu rudisha nyuma kidogo," alisema, kisha akataka kujua huyo mama atalipwa fidia gani. Makubaliano yanayofikiwa, kwamba watoto wa kiumbe huyo wachimbe mahandaki na watu wafuate nyuma kuchukua madini, aliyaona ya haki kuliko mikataba mingi aliyopata kuisikia. Kiumbe mwenyewe ni mwigizaji anayetambaa akiwa amefunikwa kitu kama zulia, na hakuna aliyejali.

Sehemu ya kwanza kurushwa, The Man Trap, ina kiumbe anayenyonya chumvi miilini mwa watu, ambaye anamjia Luteni Uhura, ofisa wa mawasiliano wa Enterprise, kwa sura ya kijana mweusi na kumsemesha Kiswahili. Kinachechemea, lakini niliirudia. Nichelle Nichols, aliyemwigiza Uhura, alisimulia kwamba alitaka kuacha kazi hiyo na kwamba Martin Luther King ndiye aliyemsihi abaki.

Si sehemu zote zinazofikia kiwango hicho. The Alternative Factor ni mkorogo mtupu, na kuhusu sketi fupi za mabaharia wa kike, bibi aliuliza kama hao hawasikii baridi.

Mnunuzi aangalie toleo. Kuanzia mwaka 2006 picha za anga zilitengenezwa upya kwa kompyuta. Mimi ningechagua la zamani, kwa sababu anga ya kompyuta hailingani na miamba ya kubandika. Amwombe pia muuzaji aijaribu kila diski kabla ya kulipa. Sehemu iitwayo The City on the Edge of Forever asianze nayo, bali aisubiri mpaka awe amemzoea Kirk, kwa kuwa uamuzi anaoufanya pale New York ya mwaka 1930 hauwezi kumuuma mtazamaji asiyemjua.