Eti nitafute "kompyuta ya kawaida": uzoefu wangu na vivinjari na visoma PDF vya Haiku

Natoa hukumu mapema ili mwenye haraka aondoke nayo: kama maisha yako ni kujaza fomu kwenye tovuti za taasisi, usiweke Haiku. Baki na ulichonacho, hata kama kinakohoa. Hayo nayaandika nikiwa na hasira, kwa hiyo msishangae nikiyageuza huko mbele.

Kwa wasioijua, Haiku ni mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoiendesha kompyuta; si Linux na wala haina undugu na Windows. Ni mrithi wa BeOS, mfumo endeshi wa miaka ya tisini uliotengenezwa na kampuni ya Jean-Louis Gassée, yule Mfaransa aliyewahi kuwa mkubwa pale Apple. Mwaka 2001 kampuni ikauza mali zake kwa Palm, watengenezaji wa vikompyuta vya mkononi, BeOS ikabaki yatima, na mwaka huohuo watu walioipenda wakaanza kuiandika upya kwa kujitolea. Bado wanaandika. Toleo la majaribio la tano lilitoka Septemba 2024, na hilo neno "majaribio" wanalimaanisha kwelikweli.

Mimi nilifika huko kwa kusukumwa. Windows 10 ilikatiwa matengenezo Oktoba 2025, Windows 11 ikaitazama laptopu yangu ikasema haifai, na hela ya mashine mpya haimo kwenye mshahara wa mwalimu. Kila niliyemuuliza alinijibu Linux. Nimewahi kuitumia, haina ubaya, ila kuna siku mtu anachoka kupewa jibu lilelile. Nikaiweka Haiku kwenye flashi, nikaijaribu, nikaihamishia ndani moja kwa moja.

Na haki yake niiseme: wiki za mwanzo niliipenda sana. Mashine iliyokuwa inawaka kwa kusuasua sasa inakuwa tayari kabla sijakaa vizuri kwenye kiti. Waifai ilishika bila kubembelezwa. Feni ikanyamaza. Vipimo vingine mtavitafuta wenyewe, havikunileta hapa.

Kivinjari kinachokuja nayo kinaitwa WebPositive. Injini yake, sehemu inayochora kurasa, ni WebKit, ukoo mmoja na Safari ya Apple. Kwa kusoma habari, kupitia Wikipedia na kurasa zisizo na makeke, kinatosha. Kurasa nzito zinakielemea, na siku nyingine kinajifunga bila kuaga. Nilikivumilia. Kitu cha bure kilichoandikwa na watu wachache hukikaripii kama vile umekinunua dukani.

Kisha kikaja kipindi cha maombi. Kozi fupi ya walimu, ufadhili kamili, taasisi ya nje ambayo jina nalihifadhi kwa sababu jibu lao bado nalingoja na sitaki kujichongea. Maombi ni ya mtandaoni tu. Nafungua ukurasa wao, nakutana na tangazo: kivinjari chako hakitambuliki, tumia Chrome, Edge au Safari. Ukurasa mzima ni sentensi hiyo na nembo yao. Hakuna kitufe cha kuendelea hivyohivyo. Hakuna namba ya simu. Hata tarehe ya mwisho ya kutuma maombi sikuruhusiwa kuisoma.

Nieleze kidogo kinachotokea hapo, maana ndicho kilichonipandisha presha. Kivinjari kinapoomba ukurasa hutuma na utambulisho wake, mstari mmoja wa maandishi unaosema mimi ni fulani na natokea mfumo fulani. Tovuti iliyotengenezwa na mtu makini hupima kivinjari kinaweza kufanya nini. Tovuti ya kivivu husoma jina, basi. Na majina yenyewe yamejaa uongo tangu miaka ya tisini: Chrome, Safari na Edge, zote huanza mstari huo na "Mozilla/5.0", ingawa hakuna hata moja iliyotengenezwa na Mozilla. Vivinjari vilizoea kuazimana majina kwa sababu hiihii, tovuti za enzi hizo zilikuwa zikivinyima ukurasa vile zisivyovijua. Kwa hiyo nakaguliwa kitambulisho na askari anayejua vitambulisho vyote ni vya kughushi, lakini anayerudishwa ni mimi peke yangu.

Nikachukua simu nikaingia kwenye kisanduku chao cha huduma kwa wateja. Nikaandika kwa adabu zote: habari za kazi, natumia mfumo uitwao Haiku, ukurasa wenu unanizuia, naomba msaada. Baada ya muda akaja mhudumu. Akaniuliza Haiku ni simu ya kampuni gani. Nikamweleza. Akajibu, "Ndugu mteja, tumia kompyuta ya kawaida."

Nikamuuliza kama naweza kutumiwa fomu kwa barua pepe.

"Wenzako wote wanatumia kompyuta ya kawaida na hawalalamiki."

Mazungumzo yakafungwa hapohapo, nikaombwa nimpe nyota.

Kompyuta ya kawaida! Ina kibodi, ina kioo, ina intaneti ya bando nililolilipia mwenyewe. Wanafunzi wangu wametungiwa mitihani juu ya kompyuta hiyo na wamefaulu. Na huyu "wenzako" ni nani? Yule anayejaza kwa simu yenye kioo kilichopasuka? Yule anayelipia dakika kwenye steshenari? Nilimpa nyota moja, na hiyo moja ni kwa sababu sifuri haikuwepo. Mpaka leo nikiikumbuka ile sentensi najibishana nayo peke yangu jikoni, mke wangu ameshazoea.

Nikaingia HaikuDepot, duka lao la programu, ambalo kila kilichomo ni bure. Vivinjari vimo vingi kuliko nilivyotegemea. NetSurf ni chepesi mno, lakini tovuti yoyote iliyojaa JavaScript, msimbo unaozifanya kurasa zitende kazi, inakishinda. Kuna Otter, kuna GNOME Web. Nikamchagua Falkon, kivinjari cha watu wa KDE, mradi wa programu huria, kwa sababu injini yake imejengwa juu ya Chromium, na Chromium ndiko alikotoka Chrome. Nikasema basi, damu ni moja, watamfungulia.

Hawakumfungulia. Mara hii kivinjari walikiona sawa, wakasema mfumo endeshi ndio hautumiki.

Ndani ya mipangilio ya Falkon kuna mahali pa kubadilisha utambulisho. Nikaandika kwamba mimi ni Chrome na niko kwenye Windows. Nikaupakia ukurasa upya. Ukafunguka wote: menyu, picha, kisanduku cha kuingilia, kalenda ya kuchagulia tarehe. Hakuna kilichovunjika, hakuna hata herufi iliyokaa kombo. Kompyuta ileile, intaneti ileile, mtu yuleyule. Hapo ndipo hasira ilipokomaa. Kikwazo cha kweli ningekielewa, kwamba labda wanatumia kitu ambacho Haiku haina. Lakini hapakuwa na kikwazo. Kuna mtu aliandika orodha fupi ya majina, akaenda zake nyumbani.

Kwa hiyo ile hukumu ya mwanzo tuipunguze makali: Haiku haikushindwa. Kwa nyota naipa tatu, labda nne.

Ngojeni. Sijafika kwenye fomu.

Upande wa kusoma PDF, kabla ya siku hiyo sikuwa na neno baya. BePDF, programu ya tangu enzi za BeOS iliyojengwa juu ya Xpdf, kisoma PDF kingine cha zamani, inafungua mitaala na mitihani ya zamani kwa kasi ambayo sikuwahi kuiona kwenye Windows yangu. Anayetaka vitufe vingi, alama za kupigia mistari na mengineyo, Okular ipo. Kama kazi yako ni kusoma tu, acha kusoma malalamiko yangu, nenda kaiweke sasa hivi.

Sasa fomu yenyewe ya maombi ilikuwa PDF ya kupakua kwenye tovuti yao. Nikaipakua, nikaifungua kwa BePDF. Ukurasa mmoja, mweupe, umeandikwa kwa Kiingereza kitu cha maana hii: tafadhali subiri, na ujumbe huu usipobadilika kuwa waraka wenyewe, basi huenda programu yako haiwezi kuonyesha waraka wa aina hii. Nimeambiwa nisubiri, nikasubiri. Nikachemsha chai, nikainywa. Nikaifungua kwa Okular, maneno ni yaleyale. Nikaipakua upya, labda iliharibika njiani. Yaleyale.

Kumbe ule ujumbe si wa BePDF wala wa Okular. Umo ndani ya faili lenyewe. Fomu za namna hiyo zinaitwa XFA: kwa nje ni PDF, kwa ndani ni kitu kingine kabisa kinachochorwa na programu ya Adobe, kampuni iliyobuni PDF, inapofungua. Programu isiyoijua XFA inaonyesha ukurasa pekee wa PDF uliomo, na ukurasa huo ndio huo wa kuambiwa usubiri. PDF imekuwa kiwango cha wazi cha ISO, shirika la kimataifa la viwango, tangu 2008 ili mtu yeyote aweze kutengeneza programu ya kuisoma, na PDF 2.0 ya mwaka 2017 ikaitangaza XFA kuwa kitu kilichopitwa. Taasisi yenye majengo ya vioo bado inaigawa. Adobe wenyewe waliacha kutoa Reader, kisoma PDF chao, ya Linux mwaka 2013, sembuse Haiku ambayo sidhani kama wana habari nayo.

Asubuhi nikabeba flashi kwenda steshenari karibu na stendi. Kijana wa pale nilimfundisha kidato cha pili.

"Shikamoo, ticha."

"Marahaba. Nifungulie hii, nijaze, uniprintie."

Mashine yake ni Windows, Chrome mpya, kila kitu cha kawaida kama mhudumu alivyotaka. Akabofya. Tafadhali subiri. Tukatazamana. Akabofya tena.

"Ticha, hili faili bovu."

Nilicheka mpaka mama aliyekuwa anatoa kopi akageuka. Kompyuta ya kawaida hiyo hapo, ya kawaida kuliko zote mjini, na fomu yao inaiambia isubiri! Nilitamani yule mhudumu awepo, avute kiti, akae hapo na hao wenzangu wasiolalamika. Ilibidi kijana apakue Adobe Reader kwa bando lake, nikamwongezea hela, ndipo visanduku vikaonekana. Nikapiga picha ya Chrome ikiambiwa isubiri, nikawatumia huduma kwa wateja. Jibu lilikuja mara moja, kwa hiyo najua hakuna binadamu aliyeisoma picha: tunashukuru kwa maoni yako.

Ningeishia hapo na hasira zangu kama si kwamba baadaye nilikuja kuweka Iceweasel. Hiyo ni Firefox yenye jina jingine, maana jina Firefox ni alama ya biashara ya Mozilla na hulitumii kwenye programu uliyoibadilisha bila ruhusa. Debian, aina mojawapo ya Linux, nao walilitumia jina hilohilo la Iceweasel kwa miaka kuanzia 2006. Ni nzito kwa mashine yangu, inachukua muda kuamka, na ukifungua kurasa nyingi kila kitu kinaanza kuburuza miguu. Lakini Firefox ina kisoma PDF chake cha ndani, na tangu toleo la 93 la mwaka 2021 kisoma hicho kinaijua XFA. Nikaiburuta ile fomu ndani, nikijiandaa kutukana.

Ikafunguka. Kwenye Haiku. Visanduku vyote, mistari yote, nembo yao juu kushoto. Jambo ambalo Chrome ya steshenari ililishindwa, laptopu yangu isiyo ya kawaida imelifanya. Nilimwita mke wangu aje aone fomu ya Kiingereza ya kurasa kadhaa kana kwamba nimempata ndugu aliyepotea. Nyota tano, nikasema. Watu wa Haiku wapewe maua yao.

Halafu nikajaza, nikafika chini, nikabofya kitufe cha kuhakiki ambacho bila hicho fomu haipokelewi. Hakikuitika. Kisoma cha Firefox kinachora fomu za XFA na kukuruhusu kuandika, lakini hesabu na maagizo yaliyofichwa nyuma ya vitufe hakiyatekelezi. Kwa hiyo uhakiki ni Adobe Reader tu, na Adobe Reader iko kwa kijana wa stendi.

Sasa hukumu ni ipi? Leo nasema nne, kesho mniulize tena. Kwa kusoma, BePDF, bila mjadala. Kwa tovuti zinazokagua majina, Falkon na utambulisho wa kuazima, na usione aibu. Iceweasel iwe akiba ya siku ngumu, ukifungua hiyo funga mengine yote. Na ukikutana na fomu inayokuambia usubiri, usichemshe chai. Waandikie wenye fomu wakupe PDF ya kweli au karatasi, na wakikujibu habari za kompyuta ya kawaida, waulize Chrome ni ya ajabu tangu lini.

Kuprinti kutoka Haiku? Huko msinipeleke. Printa yangu na mimi hatusalimiani tangu niibadilishe mashine, na leo sina nguvu za ugomvi wa pili.