Duka lililonirudishia nusu ya picha zangu na kutaka kuzitupa kanda

Nilisubiri hasira zipoe ndipo niandike. Hazikupoa, basi naandika hivyo hivyo.

Nilivuka kutoka Unguja na mfuko wa kanda za MiniDV, zile kanda ndogo za kamera ya video, nikazipeleka Dar es Salaam, kwenye duka moja la katikati ya jiji linalohamisha kanda za zamani ziingie kwenye kompyuta. Kamera yangu iliyozirikodi imekufa siku nyingi na fundi wa kuifufua sikumpata. Kanda zenyewe ni za miaka ya mwanzo ya elfu mbili: mwalimu wangu wa kanuni, kile chombo cha nyuzi cha taarab, barazani kwake, akipiga na kueleza. Ameshatangulia mbele ya haki. Natengeneza filamu fupi juu yake, na filamu hiyo imesimama juu ya mikono yake. Mpiga kanuni huvaa pete mbili kwenye vidole vya shahada, na chini ya kila pete kuna kipande cha kuchokolea nyuzi. Mkono wa kulia unatangulia, wa kushoto unajibu, na yeye alikuwa na kasi ambayo sijaiona kwa mtu mwingine. Nilikuwa nimesogeza kamera karibu khasa kwa ajili ya vidole vile.

Nikapewa fleshi. Nikafika nyumbani, nikafungua. Kila kidole kilikuwa na kivuli chake. Mkono ukienda kasi, unaona pete tatu, nne, zimepakana kama rangi iliyomwagikiwa maji. Na kadiri kanda inavyosonga, sauti inauacha mkono: unasikia uzi, halafu ndiyo unaona kidole kinaugusa.

Nikatazama maelezo ya faili. Upana 640, urefu 480, fremu, yaani picha moja moja, 29.97 kwa sekunde. Niliketi kitako.

Kwa wasiofanya kazi hii, niseme kwa nini namba hizo zilinivunja moyo. Kamera iliyouzwa kwetu, kama ilivyo Uingereza, Oman na sehemu kubwa ya dunia, ilikuwa ya PAL, mfumo wetu wa picha za televisheni. Fremu 25 kwa sekunde, mistari 576 ya picha inayoonekana. Wamarekani na Wajapani walikuwa na NTSC yao, mistari 480 na fremu 29.97. Asili ya mgawanyiko ni umeme: wa kwetu unazunguka mara 50 kwa sekunde, wa Marekani mara 60, na televisheni za mwanzo zilifuata mzunguko huo. Ile 29.97 nayo ilikuja 1953, Wamarekani walipoingiza rangi na kulazimika kupunguza kidogo ile 30 yao ili rangi isigombane na sauti. Hayo ni mambo yao. Kanda zangu hazikuwahi kukutana nayo hadi zilipoingia katika duka lile.

Sasa, ukichukua fremu 25 ukataka ziwe 29.97, karibu fremu tano za kila sekunde hazipo. Lazima zitengenezwe. Programu inachukua fremu mbili za jirani na kuzichanganya, na hapo ndipo vivuli vya vidole vinapozaliwa. Na hilo ni dogo. Kila fremu ya kamera zile ina nusu mbili zilizochukuliwa kwa nyakati mbili tofauti: mistari witiri kwanza au shufwa kwanza, kisha mwenzake, nusu 50 kwa sekunde. Ndiyo maana mwendo wake ulikuwa laini. Nilivyoikagua ile picha, wao walitupa nusu moja yote. Mistari 576 ikabaki 288, halafu wakaivuta hiyo 288 mpaka 480 ili ionekane imejaa. Nusu ya mwendo wa mwalimu wangu imetupwa, na nusu ya ukali wa picha imekwenda nayo.

Nikavuka tena. Mpwa wangu anayesoma Dar alinipokea, akanibebea mfuko. Mwenye duka alikuwa kaunta. Nilimsalimia vizuri, nikamwambia, "Ndugu yangu, kanda hizi ni PAL, imekuwaje faili ni 29.97?"

Hakunijibu mie. Alimgeukia mpwa wangu, ambaye kamera ya video hajawahi kuishika, akamwambia, "Mweleweshe mama, kanda za zamani ndivyo zilivyo."

Mpwa wangu akamwambia, "Kaka, aliyepiga hizo picha ni yeye."

Hata hapo hakunitazama. Akasema kwa sauti ya kusikika na wateja wote, "PAL na NTSC zimekufa zamani. Siku hizi ni dijitali tu."

Wallahi neno hilo liliniuma kuliko picha. Nimefanya kazi hii nikiwa mwanamke wa pekee nyuma ya kamera kwenye harusi nyingi kuliko ninazoweza kukumbuka, na dharau ya kuzungumziwa juu ya kichwa changu naijua harufu yake. Lakini kibaya zaidi ni kwamba alilosema ni kosa, na mteja asiyejua atalibeba hadi kaburini. Ni kweli mitambo ya analojia imezimwa. Dar es Salaam ilizimwa tarehe 31 Desemba 2012, kila mtu akakimbilia king'amuzi. Kilichozimwa ni mawimbi. Hesabu ya 25 na 50 haikuzimwa. Vituo vyetu vinarusha kwa hesabu hiyo mpaka leo, na kituo ninachotaka kukipelekea filamu yangu kinataka 25. Umeme wa taa zetu pia haujabadilika: mwambie kijana arikodi kwa simu yenye fremu 30 ukumbini chini ya taa za mirija, uone taa zinavyopumua kwenye picha. Kifo gani hicho?

Nikamwomba azirudie kwa waya wa FireWire. Kanda ya MiniDV ni dijitali tayari, picha yake imeandikwa kwa namba, na waya ule unazinakili namba vilevile zilivyo bila kugusa chochote. Saa moja ya kanda inatoka na takriban GB 13. Faili lao la saa moja halikufika hata GB moja. Walichotumia ni ule waya wa njano wa kuchomeka televisheni, yaani wameigeuza picha ya dijitali kuwa analojia, kisha wakairudisha dijitali kwa kidude cha bei rahisi cha USB. Akasema FireWire hawana na wateja wengine hawalalamiki. Nikitaka warudie kwa njia yao, nilipe nusu bei.

Nataka kuwa mwadilifu. Kanda moja ilikuwa imeota ukungu, maana hewa ya bahari kwetu haina huruma, na kijana wa nyuma ya duka aliisafisha kwa uangalifu ambao sikuutarajia. Alinionyesha ilivyokuwa na ilivyo, akaniomba radhi kwa sauti ya chini kwa maneno ya bosi wake. Bei yao si mbaya, na muda waliouahidi waliutimiza. Ningemaliza hapo, ningesema hivi: kama unataka tu kuitazama harusi ya shangazi kwenye simu na kuirusha kwenye kundi la familia, patakufaa. Ningewapa nyota mbili, moja yake ya yule kijana.

Lakini sikuishia hapo. Wakati naondoka mwenye duka aliniuliza kama nazihitaji kanda zenyewe au azitupilie mbali, kwani "zimeshahifadhiwa". Nikasimama mlangoni nikaona makatoni ya kanda chini ya meza. Kanda za VHS, Hi8, MiniDV, zimeandikwa kwa kalamu: harusi, khitma, mahafali, safari ya Hijja. Za watu. Watu waliopewa fleshi wakaamini kazi imekwisha, wakaacha asili itupwe.

Basi hapo nimefuta kila nilichosema juu ya harusi ya shangazi. Shangazi naye ana haki ya mistari yake 576. Familia ile haijui kwamba iliyobakia nayo ni nusu ya nusu, na siku itakapotaka kutengeneza kitu cha maana, asili itakuwa jaani.

Mie nimeokoka kwa sababu ya mzee mmoja wa hapa Unguja, mstaafu wa kupiga picha za televisheni, na visiwa hivi vina watu wa aina yake kwani tulikuwa na televisheni ya rangi miaka mingi kabla ya Bara kuanza kuwa na vituo mwaka 1994. Nilimwamkia, nikamweleza, na kabla sijamaliza akaniuliza kama najua nusu ipi inatangulia. Kwenye DV ni ya chini. Ukiipindua, kila kinachotembea kinatetemeka mbele na nyuma. Mtu wa kuniuliza swali hilo ndiye niliyekuwa nikimtafuta! Ana mashine nzima ya MiniDV na kompyuta kongwe yenye tundu la FireWire. Tulinakili kanda zote. Kisha kila nusu tukaifanya fremu kamili, 50 kwa sekunde, kwa programu ya bure, ikachukua usiku kucha. Kidole cha shahada kinashuka, kinaugusa uzi, uzi unalia papo hapo. Hata ncha ya kile kipande chini ya pete inaonekana. Pesa hakutaka, nilimlazimisha kupokea.

Na ndiyo hasira ikapanda upya. Kwa hiyo ilikuwapo! Kila kitu kilikuwapo ndani ya kanda, na mtu alinitazama, tena hakunitazama, akasema ndivyo zilivyo.

Zile nyota mbili naziondoa zote. Pesa zangu nimezidai kwa maandishi na bado kimya. Na wewe uliyewahi kupeleka kanda zako kwenye duka la namna hiyo, fungua faili leo, tazama maelezo yake. Kama kamera ilinunuliwa kwetu na faili linasema 480 na 29.97, rudi ukazidai kanda zako kabla katoni halijatolewa nje.