Rock Chucker Supreme ya RCBS: presi haina neno, kazi iko kwenye meza

Rock Chucker Supreme ni presi, yaani mashine ya mkono ya kujazia risasi upya: ganda lililokwishapigwa hurudishiwa umbo, likawekewa fataki (kidonge cha kitakoni kinachowasha baruti), baruti na kichwa kipya. Anayenunua kifurushi chake hupata karibu kila kitu cha kazi hiyo, isipokuwa kile kinachoamua kama kazi itakwenda au itakwama: meza. Maboksi yanauzwa yakiwa na picha ya presi imekaa wima, imetulia. Haikutulia yenyewe. Imefungwa kwenye kitu kizito kisichotikisika, na hicho ndicho mnunuzi anatakiwa akitengeneze mwenyewe.

Kwanza sheria, tuimalize. Marekani, mwindaji wa kulungu au mlenga shabaha anaweza kujaza risasi za matumizi yake mwenyewe bila leseni ya shirikisho. Akitaka kuziuza, hapo anahitaji leseni ya mtengenezaji. Majimbo na miji mingine huongeza masharti yake, na mwenye nyumba ya kupanga anaweza kukataza kabisa. Kenya na Tanzania ni habari nyingine: kutengeneza risasi bila kibali ni kosa la jinai. Kwa hiyo haya yanawahusu zaidi wasomaji walioko huko Texas, Minnesota, Ohio na kwingineko, wenye gereji na bunduki ya kuwindia iliyosajiliwa au kumilikiwa kwa mujibu wa sheria za pale walipo.

Kampuni ya RCBS ilianzia Oroville, California, mwaka 1943, na Rock Chucker ndiyo presi iliyowaletea sifa. Ni presi ya hatua moja: kila ukivuta mpini, tendo moja tu linafanyika kwa ganda moja. Mwili wake ni chuma cha kusubu chenye umbo la herufi O, kwa hiyo hauachami unapobanwa kama zile zenye umbo la C. Pistoni, ile nguzo inayolipandisha ganda, ina kipenyo cha inchi 1. Mpini unaweza kuhamishiwa upande wa kushoto. Tundu la juu linapokea kalibu (vyuma vinavyolipa ganda umbo) za nyuzi za kawaida, kipenyo cha inchi 7/8 na nyuzi 14 kwa kila inchi, maana yake kalibu za Lee, Hornady, Redding au Lyman zote zinaingia bila ubishi. Kwa ganda refu la bunduki kama la .30-06 nafasi ya katikati inatosha vizuri. Vidole vinapita na kichwa cha risasi hakigongi.

Ila la kulalamikia lipo. Fataki kuukuu zinapotolewa hutakiwa ziteleze hadi kwenye kisahani cha plastiki mbele ya presi. Nyingi hufika, chache huruka. Zinazoruka huishia sakafuni pamoja na masizi yake, na masizi ya fataki yana ledi. Presi ya Lee Classic Cast, ambayo huuzwa kwa bei nafuu zaidi, imelimaliza tatizo hili kwa pistoni yenye tundu katikati na mrija wa plastiki unaoshusha fataki hadi kwenye chupa. Kwenye kipengele hiki Lee wamewazidi RCBS, tena kwa mbali. Mwenye Rock Chucker afunge kitambaa au bati dogo kuzunguka kisahani, au atoe fataki kwa kifaa tofauti kabla ya kuanza.

Ndani ya boksi la kifurushi kuna presi, mizani ya mkono (ya fito inayobembea, isiyo ya umeme), kipimio cha baruti aina ya Uniflow, kifaa cha kubandikia fataki kwa mkono, kibao cha kupangia maganda 50, faneli, kifaa cha kulainishia mdomo wa ganda, na kitabu cha vipimo. Yaliyomo hubadilika kidogo kila baada ya miaka kadhaa, kwa hiyo soma ubavu wa boksi. Visivyokuwamo ni vingi kuliko muuzaji anavyosema: kalibu za risasi yako, kishikio cha ganda, kalipa ya kupimia urefu, kifaa cha kukatia maganda yaliyorefuka, mashine ya kusafishia, na nyundo ya kung'olea kichwa kilichowekwa vibaya. Kalipa si ya hiari. Risasi iliyozidi urefu unaotakiwa haiingii chemba, au inaingia kwa kulazimishwa na shinikizo kupanda.

Sasa meza.

Wengi hudhani meza hutikiswa na kusukuma mpini chini. Hapana. Unapobana ganda ndani ya kalibu, nguvu inashuka miguuni na sakafu inaibeba. Shida ni wakati wa kurudi. Ganda lililokunjwa umbo upya hung'ang'ania ukutani mwa kalibu, na shingo yake hupita kwenye kile kidonge cha kuitanua. Hapo unavuta mpini kuelekea juu, na kinachoinuka ni meza. Meza nyepesi ya dukani yenye droo na mbao nyembamba huruka mguu mmoja, baruti iliyo kwenye maganda hutikisika, na mizani inapoteza sifuri. Ndiyo maana uzito pekee hautoshi. Meza lazima ishikwe na ukuta.

Njia iliyo rahisi na ya kudumu ni hii. Nunua shiti moja ya plaiwudi ya futi 4 kwa 8 yenye unene wa inchi 3/4, uipasue katikati kwa urefu. Utapata vipande viwili vya futi 2 kwa 8. Vigundishe kimoja juu ya kingine na kuvikaza kwa skrubu kutoka chini: una uso wa meza wenye unene wa inchi 1 na nusu, karibu milimita 38, na hakuna mbao iliyopotea. Upana wa futi 2 unatosha. Ukizidisha hadi inchi 30, mkono haufiki kwenye rafu za ukutani bila kuinamia presi. Miguu iwe ya 4 kwa 4 na fremu ya 2 kwa 4, na kumbuka vipimo hivyo ni vya jina tu: 4 kwa 4 ni inchi 3 na nusu kila upande, na 2 kwa 4 ni inchi 1 na nusu kwa 3 na nusu. Asiyelijua hili hukata fremu yake vibaya siku ya kwanza kabisa.

Mbao ya nyuma ya fremu ikazwe kwenye nguzo za ndani ya ukuta, ambazo nyumba nyingi za Marekani huziweka kila inchi 16. Usikaze kwenye jasi peke yake. Itang'oka wiki ya kwanza. Chini weka rafu ya plaiwudi na uilundikie vitu vizito. Maboksi ya vichwa vya risasi yenyewe yanafaa.

Kimo kinategemea kukaa au kusimama. Anayesimama aanzie inchi 40 hadi 42. Anayekaa kwenye stuli ndefu, inchi 36. Kwenye kiti cha kawaida, inchi 30. Kabla ya kukata miguu, shikilia presi juu ya kitu cha kimo hicho na ushushe mpini hadi mwisho. Ukilazimika kupinda mgongo, ongeza kimo.

Mahali pa kuifunga presi pana siri moja ambayo maelekezo huigusa kwa mstari mmoja. Vyuma vya chini vinavyosukuma pistoni huzunguka chini ya ukingo wa meza. Kama mbao ya mbele ya fremu imekaa sawa na ukingo, vyuma hivyo vitaigonga, au utashindwa kufikisha spana kwenye nati. Kwa hiyo acha uso wa meza utokeze mbele ya fremu inchi 3 hivi, au kata pengo kwenye fremu pale presi itakapokaa. Isogeze karibu na mguu wa meza, si katikati ambapo mbao hunepa, na uhakikishe mpini unashuka bila kugonga droo wala ukuta wa pembeni.

Tumia boliti zinazojaa matundu ya kitako, zipite hadi chini, ziwe na washa pana au kipande cha bati nene la inchi 1/4. Skrubu za mbao hazifai hata kwa majaribio. Baada ya wiki chache kaza tena, maana mbao hubonyea. Kuna wanaopendelea kufunga presi kwenye sahani ya chuma inayochomoka, Inline Fabrication ya Marekani wakiwa mafundi wanaojulikana kwa kazi hiyo. Ni gharama ya ziada, lakini kwa mwenye meza moja inayotumika pia kwa jiliwa na kazi nyingine za fundi, inajilipa.

Kipimio cha baruti kisikae karibu na presi. Mtikisiko hushindilia punje, na kipimo kilekile kinaanza kutoa baruti nyingi zaidi. Kifunge mwisho wa pili wa meza. Mizani nayo iwekwe kwenye karafu kadogo kaliko kwenye ukuta, usawa wa macho, kasikoguswa na meza kabisa. Mizani ya mkono ikisomwa kutoka juu hudanganya, na hapa tunazungumzia 0.1 ya greni, yaani takriban miligramu 6.5. Feni na kiyoyozi vizimwe. Anayetumia ya kielektroniki aiwashe mapema ipate joto, aiweke mbali na simu na taa za mirija, na aihakiki kwa jiwe la kupimia kila anapoanza.

Taa moja ya dari haitoshi, kwa sababu kichwa chako chenyewe hutia kivuli ndani ya ganda. Weka taa ndefu ya LED juu ya meza, na nyingine ndogo ndani ya dirisha la presi. Maganda 50 yakishajazwa baruti yapangwe kibaoni na kumulikwa tochi yote kabla ya kichwa kimoja kuwekwa. Ganda lililojazwa mara mbili huonekana mara moja likiwa jirani na wenzake. Likiwa peke yake mkononi halionekani. Hasa kwa risasi za bastola, ambazo ganda lake linaweza kumeza dozi mbili bila kumwagika, hatua hii haina mbadala. Kipimo chenyewe hutoka kwenye kitabu cha vipimo cha mtengenezaji wa baruti au wa vichwa, si kwa rafiki wala mtandaoni, na huanzwa na kile cha chini.

Kwenye meza kuwe na kopo moja tu la baruti. Moja. Kazi ikiisha, baruti iliyobaki kwenye kipimio irudi kwenye kopo lake siku hiyohiyo. Ikilala humo, kesho huna uhakika ni ipi, na aina nyingine hubadilisha rangi ya plastiki.

Kwa hifadhi, kanuni za zimamoto zinazofuatwa sana Marekani, NFPA 495, zinakubali nyumbani pauni 20 za baruti isiyo na moshi zikiwa kwenye makopo yake ya asili. Kuzidi hapo hadi pauni 50 zinataka sanduku la mbao la unene wa inchi 1. Fataki zisizidi 10,000. Watu hushangaa kwa nini mbao na si sefu ya chuma. Baruti hii ikiungua mahali pa wazi inawaka kwa kasi tu. Ikifungiwa ndani ya chuma kizito gesi hukosa pa kutokea na sefu yenyewe inakuwa bomu. Fataki nazo zibaki kwenye trei zake. Ukizimimina kwenye chupa ya jemu, moja ikilipuka zote zinafuata. Na gereji ya Arizona mwezi wa saba si mahali pa kuvihifadhi. Viingie ndani, penye ubaridi na ukavu, chini ya kufuli.

Sakafu iwe laini. Zulia hunasa punje, fataki na vumbi la ledi, na hakuna ufagio utakaovitoa. Baruti ikimwagika tumia brashi na kizoleo, kamwe si mashine ya kufyonza vumbi, kwa kuwa mota yake hutoa cheche. Kusafisha maganda kwa punje kavu kufanyike nje, kwa sababu vumbi lake ndilo chafu kuliko yote. Chai na maandazi vibaki jikoni. Mikono ioshwe kwa sabuni na maji baridi kabla ya kumshika mtoto.

Jambo litakalomkuta kila mgeni wa kazi hii: ganda kukwama ndani ya kalibu kwa kukosa kilainishi cha kutosha. Usining'inie kwenye mpini. Utaukata ukingo wa kitako cha ganda na kuing'oa meza. RCBS huuza kifaa cha kuling'olea: unatoboa kitako cha ganda kwa keekee namba 7, unatengeneza nyuzi za inchi 1/4 kwa 20, kisha boliti inalivuta taratibu. Kinunue pamoja na kalibu, kabla hujakihitaji, maana kwa kawaida kinahitajika usiku wa kuamkia safari ya mawindo.

Aliyebana bajeti asitafute presi mpya. Rock Chucker kuukuu ni nyingi kwenye minada ya nyumbani, na chuma hiki hakizeeki haraka. Ukikagua, inua pistoni nusu na uitikise pembeni: ikicheza sana, imelika. Angalia nyuzi za juu kama hazijaliwa. Bushi ya pale juu inafunguka na kubadilishwa, kwa hiyo nyuzi mbovu zikushushie bei tu. Kutu ya juujuu hutoka kwa mafuta na brashi ya waya. Ufa kwenye mwili hautibiki, na wa kawaida kujificha ni pale chini, kwenye kitako kilichofungwa miaka mingi juu ya meza iliyonepa.